Kuomba Ruzuku ya Utafiti wa Afya kwa Wakfu Binafsi: Mwongozo kwa Mtafiti Anayeanza

Maswali ni yale yale. "Nina wazo la utafiti wa malaria, nimwandikie nani?" "Wakfu wa Gates unampa mtu binafsi?" "Bajeti niweke dola ngapi?" Hunifikia kwa simu, kwa ujumbe wa usiku wa manane zikiwa zimebaki siku mbili dirisha la maombi lifungwe, na mara nyingine kwa kijana aliyesimama mlangoni na flashi mkononi. Nimeamua kuyajibu kwa pamoja, kwa sababu maandiko mengi ninayoona yakikataliwa hayana sayansi mbovu. Yanaanguka hata kabla mwanasayansi hajayasoma.

Mwongozo huu ni wako ikiwa una shahada ya uzamili au uzamivu, uko kwenye chuo, hospitali au taasisi ya utafiti hapa Afrika Mashariki, na hujawahi kushika ruzuku iliyo kwa jina lako.

Jua unamwomba nani

Watu wa pwani wanaijua wakfu tangu zamani. Mtu anatenga shamba la minazi, anasema mapato yake ni ya msikiti fulani, na kuanzia siku hiyo nazi zile haziwezi kwenda kwingine, hata kama jirani ana shida ya kweli. Wakfu zinazofadhili utafiti wa tiba zinafanana sana na shamba hilo. Henry Wellcome, Mmarekani aliyetajirika kwa biashara ya dawa London, alifariki mwaka 1936 na wosia wake ukaelekeza mali yake kwenye utafiti wa afya. Mali ile imewekezwa, mapato yake ndiyo yanayotumika, na mwaka 2022 wakfu huo, Wellcome, ulitangaza mpango wa kutumia pauni bilioni 16 kwa miaka kumi. Kituo cha Kilifi, Kenya, cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome, kilichoanza mwaka 1989 kwa kikundi kidogo kwenye hospitali ya wilaya, kimekua kwa fedha hizo.

Usichanganye wakfu na fedha za umma. NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani) na EDCTP (ushirikiano wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba) zinatumia kodi za wananchi, na zina taratibu zao nyingine kabisa. Wakfu binafsi huongozwa na bodi na kusudi la mwenye mali. Kwa hiyo wakfu unaweza kuthubutu pale ambapo kampuni haioni faida. Chanjo ya malaria ya RTS,S ni mfano: kampuni ya GSK na shirika la PATH waliiendeleza kwa msukumo mkubwa wa fedha za Wakfu wa Gates, na watoto wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya walikuwa miongoni mwa 15,459 walioshiriki jaribio la awamu ya tatu, hadi Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2021. Lakini bodi hiyo hiyo ikibadili mwelekeo, hakuna bunge la kulilalamikia. Wakfu wa Gates umekwisha kutangaza kwamba utafunga milango tarehe 31 Desemba 2045.

Nadharia inatosha. Shika jambo moja tu: wakfu haukupi msaada. Wakfu unatafuta mtu wa kutimiza kusudi lake.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Swali moja la utafiti unaloweza kumweleza muuguzi wa zahanati akakuelewa.
- Taasisi iliyosajiliwa itakayopokea fedha kwa niaba yako.
- Msimamizi au mlezi mwenye rekodi ya kushika ruzuku.
- Wasifu uliopangwa vizuri na namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti mtandaoni. Namba hiyo ni bure na huipata ndani ya dakika chache.
- Takwimu za awali, hata ndogo, kutoka eneo lako.
- Miezi isiyopungua minne kabla ya tarehe ya mwisho. Ukiwa na wiki mbili, subiri dirisha lijalo.

Hatua ya 1: Tafuta wakfu ambao swali lako ni lake

Fungua tovuti ya wakfu na usome mambo matatu kwa mpangilio huu: nani anastahili kuomba, mkakati wa sasa, na orodha ya waliokwisha kupewa. Wengi huanza na kiasi cha fedha. Hapo ndipo wanapopotea.

Orodha ya waliopewa ndiyo inayosema kweli. Mkakati unaweza kutaja "afya kwa wote", lakini ukikuta ruzuku ishirini za mwisho zote ni za chanjo na lishe, umeshajua minazi ile ni ya msikiti gani. Kazi kubwa ya afya ya Gates ni magonjwa ya kuambukiza, chanjo, lishe na afya ya mama na mtoto. Swali la saratani ya tezi dume halina nafasi pale. Wellcome, pamoja na sayansi ya msingi, imeweka mkazo kwenye magonjwa ya kuambukiza, afya ya akili, na tabianchi na afya. Howard Hughes Medical Institute, iliyoanzishwa mwaka 1953, hufadhili mtu zaidi kuliko mradi, na kwa sehemu kubwa ni watafiti walioko Marekani. Angalia pia Science for Africa Foundation ya Nairobi. Hiyo si tajiri mmoja aliyeacha wosia. Inapokea fedha za wafadhili mbalimbali na kuziendesha hapa barani, ikiwemo programu ya DELTAS ya kulea watafiti.

*Kosa la kawaida:* kupinda swali ili lifanane na mfadhili. Niliwahi kusoma andiko la dada mmoja aliyekuwa na swali zuri sana kuhusu shinikizo la damu kwa wajawazito. Ukurasa wa tatu yakaibuka maneno "na malaria", ukurasa wa tano "na chanjo", hadi mwisho sikujua anataka kupima nini. Wapitiaji, yaani wataalamu wanaomsomea mfadhili maandiko, waliona lile lile. Alipolirudisha swali lake kama lilivyokuwa na kulipeleka kwa mfadhili mwingine, likasomeka kama limeandikwa na mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 2: Nenda ofisi ya ruzuku kabla hujaandika neno

Karibu wakfu zote kubwa hulipa taasisi, si mtu. Mfadhili atataka kuona hesabu zilizokaguliwa, cheti cha usajili, akaunti ya benki inayopokea fedha za kigeni, sera ya manunuzi na sera ya kuzuia ubadhirifu. Vitu hivi haviko kwenye kompyuta yako. Viko kwa mhasibu, na mhasibu ana shughuli zake.

Mwulize mambo mawili: nani anatia saini, na huwa anasafiri lini. Nimeona andiko la miezi mitano likifa kwa sababu mkuu wa taasisi alikuwa safarini na hakukuwa na aliyekaimishwa mamlaka ya kusaini.

Kama taasisi yako ni ndogo na haijawahi kupokea fedha za nje, tafuta taasisi kubwa itakayokuwa mpokeaji mkuu, kisha ninyi mpokee kupitia kwake kwa mkataba. Hakuna aibu katika hilo. Mkataba huo ndio utakaowajengea rekodi.

Hatua ya 3: Andika kurasa mbili kwanza

Hata kama fomu inataka kurasa thelathini, anza na mbili. Programu ya Grand Challenges Explorations ya Gates, iliyoanza mwaka 2008, ilikuwa ikitoa dola 100,000 kwa andiko la kurasa mbili, bila kudai takwimu za awali. Ilitaka wazo tu, lakini wazo lililonyooka. Fredros Okumu, akiwa Taasisi ya Afya Ifakara, alipata fedha za kutengeneza mtego unaowavuta mbu kwa harufu inayofanana na ya soksi zilizovaliwa, na mwaka 2011 Gates na Grand Challenges Canada wakaongeza dola 775,000. Mbu humtafuta mtu kwa harufu ya miguu yake, basi tuigize harufu hiyo na tuwanase nje ya nyumba. Sentensi moja, na mpitiaji wa Seattle, kwenye makao ya Wakfu wa Gates, ambaye hajawahi kufika bonde la Kilombero anaielewa.

Kurasa zako mbili zijibu: tatizo ni lipi hasa, nani ameshindwa kulitatua na kwa nini, utafanya nini, utajuaje kama umefaulu au umeshindwa, na kwa nini ni wewe.

Tazama tofauti. Hii ni sentensi ya kwanza ninayokutana nayo karibu kila wiki:

"Malaria ni tatizo kubwa la kiafya barani Afrika na husababisha vifo vingi."

Mpitiaji analijua hilo kuliko wewe. Umempotezea mstari wa kwanza, ambao ndio wa thamani kuliko yote. Sasa hii:

"Katika vijiji vinavyolima mpunga, watu hukaa nje wakipika na kuzungumza hadi saa tatu usiku, chandarua kinawasubiri kitandani wakati mbu wameshawauma."

Hapo pana mahali, watu, saa, na pengo ambalo utafiti wako unaweza kuliziba. Ukishapata sentensi ya namna hiyo, nyingine zitaifuata.

Mpe kurasa hizo mtu asiye wa fani yako. Akikuuliza "kwa hiyo unataka kufanya nini?", rudi mezani.

Hatua ya 4: Patana na washirika mapema

Ukihitaji mshirika wa ng'ambo, mchague kwa ujuzi unaokosekana kwako, si kwa jina kubwa. Kabla ya kuandika, wekeni kwa maandishi: nani mtafiti mkuu, fedha zinapita kwa nani, sampuli zinahifadhiwa wapi, nani anaandika makala ya kwanza. Mazungumzo haya ni magumu kidogo kabla ya fedha kuja. Fedha zikishakuja, hayawezekani.

Hatua ya 5: Bajeti

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona watafiti wetu wakijiumiza wenyewe.

Kijana anadhani bajeti ndogo itamfurahisha mfadhili. Anakata hapa, anakata pale, anajiwekea mshahara wa asilimia kumi wakati atafanya kazi siku zote. Mpitiaji aliyewahi kuendesha utafiti akiiona anajua kwamba mtu huyu hajawahi kufika uwandani. Bajeti ndogo mno huangusha andiko sawa na iliyovimba.

Chukua daftari, ifuate sampuli moja ya damu tangu inapotolewa hadi jibu linapopatikana. Nani amemtoa mama nyumbani, na nauli yake ni ya nani? Mhudumu wa jamii anatumia pikipiki; petroli lita ngapi kwa wiki, na wakati wa masika barabara ikikatika anazunguka wapi? Sindano, chupa, glavu. Kisanduku cha ubaridi. Kisha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri: umeme ukikatika usiku, jenereta inawaka, na dizeli ile lazima iwe kwenye bajeti kwa miezi yote, pamoja na mlinzi anayejua kuiwasha. Kila swali hapo ni mstari mmoja wa bajeti.

Vitendanishi, yaani kemikali za vipimo vya maabara, vinavyotoka nje vina hesabu yake: usafirishaji, wakala wa forodha, barua ya msamaha wa kodi, na muda. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma, nikiwa maabara, tuliagiza kasha la vimeng'enya likiwa kwenye barafu kavu. Karatasi moja ilikosa mhuri. Kasha likakaa uwanja wa ndege siku tisa. Tulipolifungua, barafu ilikuwa imeyeyukia hewani yote, hakuna hata unyevu, na vichupa vimelala mule kwenye boksi tupu, vya joto kama mkono. Hatukuwa tumeweka hata senti ya kuagiza upya. Tangu siku ile, kila bajeti ninayoigusa ina fedha za wakala mzoefu, na ombi la msamaha wa kodi linaanza kushughulikiwa kabla oda haijatumwa.

Mambo matatu zaidi:

- Gharama za uendeshaji wa taasisi (umeme, uhasibu, ulinzi) kila mfadhili ana kikomo chake. Kwa Gates hazizidi asilimia 15, na kwa aina fulani za taasisi ni sifuri. Usibuni asilimia, soma sera, kisha mwonyeshe mhasibu wako. Kinachoweza kuhesabiwa moja kwa moja kwa mradi, kama dizeli ya friza ya mradi, kiweke kwenye gharama za moja kwa moja.
- Kubadilisha fedha. Andika kiwango ulichotumia na tarehe yake. Shilingi ikipanda thamani dhidi ya dola, mishahara unayolipa kwa shilingi itakula dola nyingi zaidi ya ulizopanga.
- Maelezo ya kila mstari. "Safari: dola 12,000" ni mstari mtupu. "Safari 24 za timu ya watu 3 kutoka mjini hadi vijiji 6, gari la kukodi" ni bajeti.

Hatua ya 6: Panga vibali

Hutahitaji vibali vyote ili kuomba, lakini mpango wako wa muda lazima uvitaje. Tanzania Bara, kibali cha kitaifa cha maadili hutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) wanahusika na vibali vya utafiti, na ukijaribu dawa au chanjo utakwenda TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) pia. Zanzibar ina mamlaka yake, ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya). Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Uganda ni UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia). Sampuli zikienda nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba wa kuzihamisha. Weka miezi sita kwenye kalenda. Anayeandika "mwezi wa 1: kukusanya sampuli" amejionyesha mgeni.

Hatua ya 7: Soma masharti ya takwimu na uchapishaji

Wakfu nyingi sasa zinataka matokeo yasomwe bure na kila mtu. Kuanzia Januari 2025, Wakfu wa Gates unataka rasimu ya makala iwekwe wazi kabla ya kupitiwa na jarida, na haulipi tena ada za majarida. Ukiweka ada hizo kwenye bajeti yako, umeonyesha kwamba hukusoma. Soma pia vikwazo vingine: Wellcome, kwa mfano, haitoi fedha kwa mtafiti anayepokea ruzuku za makampuni ya tumbaku.

Hatua ya 8: Wasilisha siku mbili kabla

Angalia saa kwa makini. Fomu ikisema saa 17:00 ya London, kwetu ni saa 2 usiku wakati wa baridi yao, na saa 1 usiku wakati wa kiangazi chao. Seattle iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11, kutegemea msimu. Wengi wamekosea kwa saa moja tu, na mfumo ukishafunga umefunga.

Kabla ya kubonyeza, pakua nakala ya PDF ambayo mfumo umeitengeneza na uisome yote. Majedwali hukatika. Herufi za vipimo hugeuka alama za ajabu.

*Tahadhari:* hakuna wakfu wa kweli unaodai ada ya maombi wala "ada ya kuachilia fedha". Anayekudai ni tapeli, hata barua yake iwe na nembo nzuri kiasi gani. Anwani ichukue mwenyewe kwenye tovuti rasmi, si kwenye ujumbe uliotumiwa.

Hatua ya 9: Ukiitwa kwenye usaili

Furahi, kisha fanya mazoezi mara tatu mbele ya watu wakali. Swali litakalokuja kwa hakika ni: "Ikishindikana, utafanya nini?" Uwe na jibu la kweli. Kaa mahali penye umeme wa akiba, na uwe na bando kwenye simu kama intaneti ya ofisi itakata.

Mambo yakikwama

*Nimekataliwa bila maelezo.* Andika barua fupi ya heshima kuomba maoni ya wapitiaji. Wengine hutoa, wengine hawatoi. Ukiyapata, yafungie siku tatu ndipo uyasome tena. Maoni yakisema "haliendani na mkakati", usibadilishe sayansi, badilisha mfadhili.

*Sina shahada ya uzamivu.* Tafuta nafasi za mafunzo ndani ya programu zilizokwisha kufadhiliwa. DELTAS na vituo kama Kilifi hulea watu kwa njia hiyo.

*Mshirika wa ng'ambo anataka awe mtafiti mkuu, wazo ni langu.* Soma mwaliko wa maombi: siku hizi baadhi hutaka kiongozi awe kwenye nchi utafiti unapofanyika. Mwonyeshe kipengele hicho. Kama hakipo, omba uongozi wa pamoja kwa maandishi. Akikataa, bora usubiri.

*Kibali kimechelewa na fedha zimeshaingia.* Mwandikie ofisa wa mfadhili mapema, kabla hajakuuliza, ukiomba kuongezewa muda bila kuongezewa fedha. Ombi hili ni la kawaida kwao. Kinachowaudhi ni ukimya.

*Kiwango cha fedha kimebadilika na bajeti haitoshi.* Usihamishe fedha kimyakimya kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Kila mkataba unataja kiasi unachoweza kuhamisha bila ruhusa. Zaidi ya hapo omba kwa maandishi na utunze jibu, maana mkaguzi atalitafuta.

*Ruzuku inaisha na friza bado imejaa.* Anza kulishughulikia ukiwa na mwaka mzima mkononi. Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulianzisha maabara Entebbe kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1947, wakiwa bado kwenye homa ya manjano hiyo hiyo, watafiti wake wakakuta kirusi kipya kwa nyani waliyemweka msitu wa Zika. Rockefeller iliondoka, maabara ikachukuliwa kuwa ya Afrika Mashariki, na leo ni taasisi ya virusi ya Uganda. Iliendelea kwa sababu kulikuwa na wa kuipokea. Kwa hiyo orodhesha sampuli zako zote kwa namba, aina na idhini ya washiriki, tafuta taasisi itakayosaini kuzipokea, na upate kwa maandishi jina la atakayelipia dizeli kuanzia siku ya kwanza baada ya mkataba wako kwisha.